Uji wa bluu na hotuba ya Délégué

Saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga nimeitundika sebuleni, na nawashukuru. Sijui kwa nini mtu akistaafu hupewa saa, wakati ndiyo kwanza hana haja tena ya kujua ni saa ngapi. Mlinikabidhi uani, nyuma ya kanisa, karibu na vyoo, na baadhi yenu mlidhani nimekasirika au nimeugua. Sikukasirika, wala sikuugua. Nitawaeleza nilikuwa natafuta nini huko, lakini itabidi nianzie mbali kidogo, na ninyi vijana wa bloc, chumba chetu cha upasuaji, mnijalie subira.

Nilianza kazi Beni, kabla ya vita vyote. Mwalimu wangu alikuwa Tata Mbusa, infirmier, yaani muuguzi, mkuu wa chumba cha upasuaji, mtu mfupi mwenye mikono iliyonuka sabuni hata siku ya mapumziko. Siku ya kwanza alinifunga macho kwa kitambaa, akaniwekea vyombo mezani, akaniamuru nivitaje kwa kuvipapasa. Mimi nikawa najibu "pince", yaani koleo, kwa kila kitu, nikitumaini kubahatisha. Aliniacha nimalize meza nzima, kisha akasema, "Binti yangu, hapana sema pince tu. Hata jirani yako iko na jina." Alinifundisha pia kwamba mpasuaji mzuri huomba kwa mkono, na mpasuaji mbaya huomba kwa mdomo. Baadaye niligundua kwamba kanuni hiyo inafaa pia kupima wakubwa wasio wapasuaji.

Nilipoolewa nilihamia Butembo, hospitali ya kanisa, upande wa Bulengera. Huko ndiko wagonjwa walikonibatiza Mama Bloc, na jina langu halisi, Masika, likabaki kwa mume wangu na kwenye karatasi za kodi. Mpasuaji wetu alikuwa Dokta Kambale, mrefu, mkali kwa vyombo vichafu, mpole kwa wagonjwa, na mwenye kupiga miluzi ya nyimbo za kanisa akifunga mshono. Akinyamaza, sisi sote tulijua kuna damu mahali isipotakiwa.

Kisha vita ya kwanza ikaja, na kabla hatujafuta vumbi, ya pili. Wengine watawaandikia habari za majemadari. Mimi nitawaambia tu tulivyoziona kutoka bloc: kila serikali mpya ilikuja na muhuri wake, bendera yake, na ubao wa kutundika mlangoni. Ubao mmoja uligeuzwa na kuandikwa upya upande wa nyuma hadi ukaoza. Waasi waliotukalia kwa muda mrefu zaidi walituletea Délégué, yaani mwakilishi wao, wa afya, ambaye pia alikuwa Délégué wa elimu na wa michezo, kwa sababu magari yalikuwa machache kuliko vyeo. Alitoka jimbo lingine, alikuwa na suti ya rangi ya maziwa, na hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa moja: akianza kusema, hakujua panaposhikwa breki.

Vita ilituletea majeraha ya risasi, lakini pia kitu ambacho hakikuandikwa kwenye hotuba. Barabara zilifungwa. Mwanamke wa kijijini akishikwa na uchungu, mtoto akakwama, wanaume wanambeba kwenye machela hadi barrière, kizuizi cha barabarani, askari wanamdai karatasi. Anaporuhusiwa kupita, mtoto ameshakufa, na kibofu kilichobanwa siku mbili na kichwa cha mtoto kimeoza na kutoboka. Hiyo ndiyo fistule. Mkojo hauna tena mahali pa kukaa, unatiririka mchana na usiku. Walio wengi tulishona tundu na wakapona. Lakini wapo ambao kibofu kilikuwa kimekwisha kabisa, hakuna cha kushona.

Kwa hao ilibaki njia moja: kuchukua ile mirija miwili inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, na kuipandikiza kwenye utumbo mpana, ili mwanamke atoe mkojo kwa nyuma, kwa hiari yake, pamoja na choo. Msikunje pua. Mifuko ya kubandika tumboni haikupatikana kwetu, na hata ingepatikana, nani angeiuza kijijini kama Vuhovi?

Kabla ya Dokta Kambale, walishona mrija moja kwa moja kwenye utumbo, kama unavyochomeka bomba kwenye pipa. Ilikuwa operesheni ya haraka, na wanawake walirudi nyumbani wakavu, wakiimba. Niliwashangilia pamoja na wengine. Kisha walianza kurudi mmoja mmoja, wana homa, wamevimba macho. Utumbo ukijibana, uchafu ulipanda kupitia ule mrija ulionyooka hadi kwenye figo. Tuliwazika wakiwa wakavu. Sijawahi kuona jambo lililonikasirisha kuliko hilo, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Dokta Kambale alirudi kutoka masomoni na njia nyingine. Alifungua utumbo, akaingiza maji ya chumvi kwa sindano chini ya ile ngozi laini ya ndani hadi ikajiinua, akachimba handaki jembamba kwa mkasi mdogo, akaupitisha mrija humo ukiwa umelala, ndipo akaufungulia mdomo. Fikirini mpira wa maji uliopita chini ya godoro: mtu akilala, godoro linaubana. Hivyo utumbo ukijaa, unaukandamiza mrija wenyewe, na hakuna kinachorudi juu. Handaki lilitakiwa kuwa refu mara tano ya upana wa mrija. Alilipima kwa kipande cha uzi, na akikuta limepungua kidogo alilichimba upya, hata kama tumbo zima lilikuwa wazi na jenereta linakohoa.

Ndani ya mirija tuliweka sonde, mipira myembamba, zile za kulishia watoto njiti, ili mshono upone. Zilikuja kwa ndege hadi uwanja wa Mavivi, karibu na Beni. Mara moja nilitumwa mimi kuzichukua, na kati ya Beni na Butembo nilisimamishwa na kila mwenye kamba na bunduki. Kwenye barrière ya mwisho askari mmoja alinyanyua sonde, akaitazama juani, akasema hiyo ni waya ya kulipulia mabomu.

"Mu ile carton eza nini kabisa?" akauliza.

"Ni mipira ya kupitisha mukojo," nikamjibu.

Aliirudisha kwenye carton kwa ncha za vidole, akajifuta kwenye suruali ya mwenzake, akafungua kamba. Tangu siku hiyo kila kitu cha hospitali kilichopita barabara ile kilikuwa cha mkojo: uzi, glavu, hata sukari ya wauguzi. Hatukupata laissez-passer, kibali cha kupita, nzuri kuliko hiyo, na haikuhitaji muhuri.

Sasa nifike kwa Kahindo. Aliletwa kutoka Vuhovi na mama yake mkubwa, msichana aliyezaa mara moja tu, mtoto akafa, mume akarudi kwao. Alikuwa ameshashonwa mara kadhaa mahali pengine bila mafanikio. Dokta alimpima, akatoka nje akinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Kibofu hakikuwepo. Kahindo hakuuliza kama atazaa tena au kama ataolewa. Aliuliza swali moja.

"Docteur, nitaweza kukaa na batu?"

Lilikuwa swali la kweli. Kanisani alikaa mlangoni, kwenye kigoda chake mwenyewe, kwenye upepo, na ibada ikifika katikati alikuwa wa kwanza kuondoka. Dokta alimwambia inawezekana, lakini kwanza kuna mtihani, nao hauna marudio. Kama misuli ya nyuma imechoka kwa ule uchungu mrefu, operesheni itahamisha tu mvujo kutoka mlango wa mbele kwenda mlango wa nyuma, na hapo ni heri kuacha. Wanawake wawili kabla yake alikuwa amewakatalia. Niliwasindikiza hadi barabarani mimi mwenyewe.

Mtihani wenyewe haumo kwenye vitabu vyenu, angalau si kwa namna tuliyoufanya sisi. Mgonjwa anatiliwa kwa nyuma uji mwepesi, uliotiwa rangi ya bluu de methylene kidogo ili tusiuchanganye na kitu kingine. Anafungwa kitambaa cheupe. Kisha lazima aushike kama saa tatu hivi, akikaa, akisimama, akikohoa, akicheka. Wodini wagonjwa walidanganya, walilala tu kimya ubavu. Ndipo Dokta Kambale alipogundua kwamba Jumapili ina kila kitu kinachohitajika.

"Mugonjwa mwenye anashika uji mpaka pasteur anasema amina ya mwisho," alisema, "ule anaweza kushika kila kitu."

Basi tukawa tunawapeleka kanisani. Mnakaa, mnasimama kwa wimbo, mnainama kwa sala, mnapiga makofi, mnakohoa vumbi, na mahubiri hayajawahi kupungua saa moja. Mchungaji hakujua kwamba yeye ni kifaa cha uchunguzi. Alituambia mara kadhaa, kwa furaha, kwamba hajaona waumini wasikivu kama wagonjwa wa hospitali yetu, wanaokaa bila kutikisika, macho yamekaza mbele, jasho likiwatoka.

Jumapili ya Kahindo nilimweka katikati ya benchi, si mlangoni. Alikataa.

"Mama Bloc, kama maji inatoka pale katikati, bote bataniona."

"Utanilowesha mimi kwanza," nikamwambia. "Mi navaa pagne mbili."

Wodini tulikuwa tumeshamtilia uji na kumfunga nguo za mbele kwa ajili ya mkojo wake wa kila siku, na kile kitambaa cheupe nyuma. Mama mmoja wa koro, kwaya yetu ya kanisa, aliyekaa karibu yetu alivuta pumzi, akasogea pembeni, akaweka Biblia yake katikati kama mpaka. Kahindo aliona. Aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka.

Nyimbo zilipita. Matangazo yalipita. Mahubiri yalipita, na Kahindo alikuwa bado ameshika. Mchungaji alishainua mikono ya baraka, mimi nishaanza kukunja miwani yangu, ndipo tuliposikia magari nje. Askari waliingia, wakasimama kila mlango. Nyuma yao, suti ya rangi ya maziwa.

"Bandugu na badada," alisema Délégué akishika mimbari kwa mikono yote miwili, "sitakawia."

Mchungaji alishusha mikono. Nikaikunjua tena miwani. Délégué alianza na ukombozi, akapita kwenye barabara, ambazo alisema zimefunguliwa, akaingia kwenye afya. Alisema mouvement, yaani chama chake cha waasi, imewapa akina mama heshima yao, kwamba katika eneo lote hakuna tena mwanamke anayeteseka na magonjwa ya uzazi. Kila alipofika kwenye jambo kubwa alitaka tusimame tupige makofi, kisha tukae. Tulisimama, tukakaa. Tukasimama, tukakaa. Dokta Kambale mwenyewe asingethubutu kumfanyia mgonjwa jambo kama hilo.

"Mama Bloc," Kahindo alininong'oneza, "iko inasukuma."

"Shika."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka anachoka."

"Bakubwa habachokake na kusema."

Alisema kweli. Niliogopa, na siogopi kusema hivyo. Mtihani ulikuwa umeshapita kiasi chake, msichana alikuwa ameshafaulu, na sasa angeweza kushindwa mbele ya watu wote kwa sababu ya mtu asiyejua kufunga mdomo. Kama angevuja pale, najua asingekanyaga tena kanisa wala hospitali. Nikainuka niende nikamwombe askari wa mlangoni amruhusu atoke.

"Angalieni," Délégué alipaza sauti, akininyooshea mkono, "mama infirmière anasimama kutoa shukrani kwa mouvement!"

Kanisa zima likanigeukia. Askari wa mlangoni naye alinitazama, akatikisa kichwa polepole, maana yake rudi. Nilifungua kinywa nikasema "Wasingya," ambayo kwa Kinande ni asante, nikakaa. Ikapigiwa makofi, tukasimama tena, tukakaa tena.

Yule mama wa koro alikuwa anamtazama Kahindo, aliyekuwa ameshika ukingo wa benchi ya mbele, midomo imekuwa myeupe. Sijui alielewa nini. Aliitoa Biblia yake katikati, akasogea, akamshika mkono, na wakati mwingine tuliposimama alimwinua kwa kiwiko. Tulikaa hivyo watatu hadi Délégué alipokumbuka kwamba anasubiriwa kula.

Kahindo hakukimbia. Alitembea hadi vyoo vya nyuma ya kanisa, nami nyuma yake. Alipomaliza alinipa kile kitambaa, kimekunjwa, bila kunitazama. Nilikifungua juani. Nguo za mbele zilikuwa zimelowa chepechepe kama kila siku, lakini kitambaa cha nyuma kilikuwa cheupe. Nililia palepale kando ya ukuta wa choo, na yeye akanicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Dokta aliposikia jinsi ibada ilivyorefuka, alikikagua kile kitambaa.

"Donc mouvement imesaidia afya," akasema. "Mara moja."

Operesheni tuliipanga wiki hiyohiyo. Mafuta ya jenereta yaliisha, tukaomba kwa Délégué, na kwa kweli alituma, lakini yalikuja na msaidizi wake na mpiga picha. Délégué alitaka picha ya operesheni iliyokwisha, kabla ya adhuhuri, kwa sababu alikuwa na ndege Mavivi. Msaidizi alisimama mlangoni mwa bloc akitazama viatu vyake vikifunikwa na mifuko ya plastiki.

"Docteur, banasema iko namna ya mufupi," alisema. "Fanya ile."

"Ya mufupi inaua," Dokta akajibu bila kuinua macho.

"Mais itaua leo?"

Dokta aliacha kupiga miluzi. "Hapana. Inauaka nyuma ya mwaka."

"Bon," msaidizi akasema, kwa utulivu kabisa, "mwaka ujao tutaona."

Nilimsindikiza nje na kufunga mlango. Ninyi mtakutana na watu wa namna hiyo, wamevaa vizuri, hawachukii mtu, wanataka tu kitu kionekane kimekwisha. Msiwapigie kelele. Fungeni mlango, muendelee kuchimba.

Handaki la kushoto lilikwenda vizuri. La kulia lilipasuka katikati, Dokta akapima kwa uzi wake, akaona limebaki fupi. Lingeweza kupita. Hakuna ambaye angejua, mgonjwa amelala, mpiga picha anasinzia uani. Alinyoosha mkono, nami nikaweka mkasi mdogo, akaanza upya mahali pengine. Adhuhuri ilipita, ndege ikaruka, mpiga picha akaondoka na picha ya ubao wetu wa mlangoni. Mafuta yalibaki kwetu.

Sonde zilipotoka, Kahindo alikuwa mkavu. Tukangoja. Kisha asubuhi moja nilimkuta anatetemeka, ana homa kali, nikakimbia kumwita Dokta, maana hivyo ndivyo ilivyoanza kwa wote waliotangulia. Dokta alikuja, akambonyeza ubavu wa kulia, wa kushoto, akatuma damu maabara. Alikaa kwenye kitanda cha jirani, jambo alilotukataza sisi. Fundi wa maabara alirudi na jibu mlangoni: malaria.

Sijawahi kuona watu wakifurahia malaria namna ile. Dokta alimkumbatia fundi, na mama mkubwa wa Kahindo, ambaye hakuelewa, alianza wimbo. Tulimpa kinini, homa ikaisha, haikurudi.

Siku ya kumruhusu, Dokta alimpa maagizo. Anywe maji mengi. Alambe bicarbonate, ile wanayouza sokoni, kwa sababu mkojo ukikaa utumboni unachachua damu. Na la tatu, ambalo alilisema akimkazia macho:

"Sasa, hapana shika tena. Kila masaa machache unaenda ku choo. Handaki inabana, lakini weye hapana ijaribu. Hapana ngoja."

"Hata kama pasteur iko anahubiri?"

"Hata yeye."

"Hata kama Délégué iko anasema?"

Dokta Kambale alitabasamu mpaka masikioni. "Ule zaidi," akasema. "Ni dawa."

Kahindo aliichukua kama dawa. Alihama kutoka mlangoni, akaja kukaa benchi ya mbele, na yule mama wa koro upande wake. Kila Jumapili, mahubiri yakiwa katikati, aliinuka, akapita mbele ya mimbari taratibu, akatoka, akarudi, akakaa. Mwanzoni watu waliguna. Kisha bibi mmoja alimfuata, halafu wawili wenye mimba, halafu benchi nzima. Kumbe miaka yote hiyo kanisa zima lilikuwa linajibana. Mchungaji alilalamika mara moja, kisha mahubiri yakaanza kuwa mafupi, na hakuna aliyejua kwamba hilo nalo lilitokana na handaki.

Vita ikaisha, au ikabadilisha jina, mtanisahihisha. Dokta Kambale tulimzika kule kwao mlimani, na mpaka leo nikisikia mtu anapiga miluzi wakati wa mshono natazama juu haraka. Wengi wenu mnachimba handaki kama alivyochimba. Mkianza kuchoka, pimeni kwa uzi.

Basi ile siku ya kuniaga. Mlinipa kiti mbele kanisani, mkanivisha maua, na mgeni wa heshima akasimama. Nilimtambua kabla hajafungua kinywa, ingawa suti ilikuwa ya kijivu na sasa anaitwa Honorable, mheshimiwa mbunge. Serikali ngapi zimepita, yeye yupo. Alishika mimbari kwa mikono yote miwili, akasema hatakawia. Alieleza jinsi yeye mwenyewe alivyoleta upasuaji wa akina mama Butembo. Mimi nina kibofu changu tangu kuzaliwa, namshukuru Mungu, lakini ni kibofu cha mwanamke mzee, na kilikuwa kinalalamika tangu utambulisho. Nilikunja miguu. Nilitabasamu. Nilikuwa mwenye sherehe, nitainukaje?

Kwenye benchi ya mbele mwanamke mwenye mvi aliinuka, kwa wakati wake, kama kila Jumapili. Alipita mbele ya Honorable taratibu. Halafu badala ya kwenda mlangoni, akasimama kwenye kiti changu, akanishika mkono.

"Mama Bloc," alisema, wala hakunong'ona, "hapana ngoja."

Mlangoni hapakuwa na askari. Tulikwenda hadi vyoo vya nyuma, vilevile, ukuta umepakwa rangi mpya, na Kahindo akanishikia mkoba na maua, akanisubiri nje juani. Nilipotoka, tulimsikia Honorable akisema kwamba anakaribia kumaliza, kwa hiyo tukakaa hapohapo nje. Ndipo mlipokuja na saa.